Saraswati Puja: sikukuu ya elimu ambayo kitabu hakifunguliwi

Mwanafunzi wa Kolkata, jiji la mashariki mwa India, ana siku moja katika mwaka ambayo kusoma ni mwiko, na msimamizi mkali wa mwiko huo ni bibi yake mwenyewe. Mtoto hukusanya vitabu vyake, hasa vya lile somo linalomtoa jasho, akavipanga miguuni pa sanamu ya udongo ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu, muziki na usemi katika dini ya Kihindu. Kitabu cha hesabu mara nyingi ndicho kinachokaa juu. Tangu hapo hakuna kushika kalamu wala kufunua ukurasa hadi ibada ipite.

Kwa mtu wa nje mambo yamekaa kinyume, maana angetarajia siku ya elimu iwe siku ya kukesha na vitabu. Lakini mantiki yake si ngumu. Kitabu kikishawekwa mbele ya mungu, kwa muda huo si chako tena. Unangoja kibarikiwe ndipo ukabidhiwe, na anayekidokoa kabla ya wakati amegusa kisicho chake. Huku kukabidhi chombo cha kazi na kukipokea upya ndiko kunakobeba sikukuu nzima, na ukikushika, mengine mengi yanayowachanganya watu yanafunguka yenyewe.

Na yanayochanganya si haba, la kwanza likiwa tarehe. Muulize Mbengali, mtu wa eneo la Kolkata na Bangladesh, sikukuu ya Saraswati ni lini, atakuambia mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari. Mtu wa Kerala, jimbo la kusini mwa India, atasema Septemba au Oktoba. Mgujarati mwenye duka Mombasa atakuelekeza kwenye Diwali, sikukuu ya taa ya Oktoba au Novemba. Na mtu wa kisiwa cha Bali, Indonesia, atakuomba umpe nafasi ahesabu kwanza, kwa sababu kuna miaka inakuja mara mbili. Wote wanne wanasema kweli.

Tuanze na Bengal, maana huko ndiko sikukuu hii iko mikononi mwa watoto wenyewe. Durga Puja, yaani ibada ya mungu wa kike Durga, ile kubwa ya mwezi wa Septemba au Oktoba, ni ya watu wazima, ya vikundi vya mtaa na michango mikubwa. Ya Saraswati huendeshwa na wanafunzi. Wao ndio wanaopita nyumba kwa nyumba kudai michango, wao hununua matunda na maua, wao hulipamba darasa usiku kucha. Sanamu hutoka Kumartuli, mtaa wa mafundi wa udongo kaskazini mwa Kolkata, karibu na mto Hooghly. Fundi hufunga kwanza kiunzi cha mianzi na majani makavu ya mpunga, akakikandika udongo, akauacha ukauke, ndipo ipakwe rangi na kuvikwa. Ya nyumbani unaweza kuibeba mkononi; ya shule hupakiwa kwenye baiskeli ya mizigo, watoto wakiishikilia pande zote isije ikavunjika shingo njiani.

Asubuhi yenyewe kila mtu ni njano. Wasichana wengi huvaa sari siku hiyo kwa mara ya kwanza maishani, mara nyingi ya mama, iliyobanwa kwa pini kila mahali isije ikafunguka. Wavulana huvaa kanzu fupi. Shule za wasichana, ambazo mwaka mzima malango yake yamefungwa kwa wavulana, siku hiyo hupokea wageni, na wavulana huenda kuangalia mapambo. Mapambo, ndiyo. Wabengali wenyewe huitania kuwa ndiyo sikukuu yao ya wapendanao, na mwaka 2024 utani ukatimia, kwani iliangukia 14 Februari hasa.

Kasheshe kubwa ya asubuhi hiyo ni kuhani. Kila nyumba, kila shule, kila kikundi cha mtaa kinamtaka, tena wote wanamtaka saa zile zile, na watoto wamefunga. Hawali mpaka watoe maua. Basi kuhani hupita mbio kwa baiskeli au pikipiki kutoka ibada moja kwenda nyingine, na si ajabu kumwona amezingirwa njiani na watoto wanaombembeleza aingie kwao dakika kumi tu. Akiisha kupatikana, kila mtu hushika maua mkononi, hurudia maneno ya Kisanskriti nyuma yake, na kuyarusha kuelekea kwenye sanamu. Katika maneno hayo yamo ombi ambalo kila mwanafunzi analielewa hata kama hajui Kisanskriti: vidyam dehi, nipe elimu. Kisha huliwa khichuri, wali uliopikwa pamoja na dengu, na mchanganyiko wa mboga pembeni.

Kuna mwiko mwingine wa watoto wa Bengal, nao ni wa kunazi. Ndiyo, tunda la mkunazi huu huu tunaoujua sisi. Huanza kuiva majira hayo, lakini mtoto hatakiwi kuonja hata moja kabla ya kumtolea Saraswati, akila, atafeli. Wapo wanaosema ni hila ya wazee ya kuwazuia watoto kula matunda mabichi na kuumwa matumbo. Sijui mtoto aliyewahi kuamini maelezo hayo kuliko yale ya kufeli.

Siku hiyo pia ndiyo watoto wadogo huanzishwa kuandika, desturi iitwayo hate khori. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano hupakatwa na kuhani au mzee wa nyumba, akapewa chaki na kibao, na mkono wake ukaongozwa kuchora herufi ya kwanza ya Kibengali. Mbele ya sanamu huwekwa kidau cha wino na kalamu ya tete, ila ndani ya kidau mna maziwa badala ya wino. Mzee wa pwani yetu aliyeanzishwa alifu chuoni kwa kibao na kalamu kama hiyo hahitaji kuelezwa zaidi.

Saraswati mwenyewe hakuanza kama mwalimu. Katika Rigveda, utenzi mkongwe kuliko maandiko yote ya Kihindu, uliotungwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, yeye ni mto. Anasifiwa kuwa mama bora kati ya mama, mto bora kati ya mito, mungu bora kati ya miungu wa kike. Mto huo baadaye ulipotea. Watafiti wengi wanauhusisha na mkondo wa Ghaggar-Hakra, ambao leo hupitisha maji wakati wa mvua tu kutoka kaskazini-magharibi mwa India kuelekea Pakistan, na mjadala wake umechanganya jiolojia na siasa kiasi kwamba ni vigumu kuzitenganisha. Kwa waumini mto haujaisha: pale Prayagraj, mahali Ganga na Yamuna zinapokutana, wanaamini Saraswati huungana nazo chini kwa chini bila kuonekana. Na siku yake ni mojawapo ya siku kuu za kuoga katika Kumbh Mela, mkusanyiko mkubwa wa mahujaji unaofanyika hapo.

Kutoka mto hadi elimu kuna hatua moja tu, nayo ni usemi. Katika maandiko yaliyofuata Saraswati aliunganishwa na Vak, mungu wa kike wa neno, na elimu ya zama hizo haikuwa ya vitabu: ilikuwa ya kukariri na kutamka, neno likifuata neno bila kukatika. Michoro ya leo humwonyesha ana mikono minne. Miwili inapiga vina, ala ndefu ya nyuzi. Mmoja umeshika kitabu, mwingine tasbihi. Amevaa nyeupe, amekaa juu ya yungiyungi au bata bukini, ambaye hadithi zinasema akipewa maziwa yaliyochanganywa na maji hunywa maziwa akaacha maji. Wakati mwingine pembeni yuko tausi. Dhahabu humuoni nayo kwa wingi. Hiyo ni ya Lakshmi, mungu wa kike wa mali, na Wahindi wana msemo kwamba wawili hao hawakai nyumba moja. Walimu wa nchi yoyote wataelewa.

Tena si wa Wahindu peke yao. Sanamu yake kongwe inayojulikana, iliyochongwa Mathura mwaka 132, ni ya Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India. Dini ya Kibudha ilimbeba hadi Japani, ambako anaitwa Benzaiten, anapiga biwa badala ya vina, na mahekalu yake mengi yamejengwa visiwani au kando ya maji, kama lile la Enoshima. Asili yake ya mto haikufutika hata baada ya safari yote hiyo.

Sasa tarehe. Ile ya Bengal na kaskazini mwa India huitwa Vasant Panchami, siku ya tano ya mwezi mchanga katika mwezi wa Magha. Vasant ni majira ya kuchipua, na hapo mgeni hukuna kichwa kwa mara nyingine, kwani Januari kaskazini mwa India bado watu wanavaa sweta na ukungu umetanda. Sikukuu hii haisherehekei majira yaliyofika, inayapigia hodi. Siku 40 baadaye ndipo huja Holi, sikukuu ya rangi, majira yakiwa yameiva. Hata hivyo shambani dalili zipo: haradali imetoa maua, na mashamba ya Punjab na Uttar Pradesh yamekuwa njano tupu. Njano ya nguo, ya wali wa zafarani na ya maua ya ibada inatoka huko.

Kwa nini basi tarehe inahamahama? Sisi tuliozoea mwezi mwandamo tunajua Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka hadi ikazunguka misimu yote. Kalenda ya Kihindu nayo hufuata mwezi, lakini haikubali kuachana na majira, kwa hiyo takribani kila miezi 32 au 33 huongezewa mwezi mzima wa ziada. Angalia miaka ya karibuni: mwaka 2023 Vasant Panchami ilikuwa 26 Januari. Katikati ya mwaka huo mwezi wa ziada ukaingia, na 2024 ikaruka hadi 14 Februari. Ikarudi 2 Februari mwaka 2025, ikarudi tena 23 Januari mwaka 2026.

Kuna tatizo la pili, dogo ila lenye kuleta ugomvi. Siku ya mwezi ya Kihindu, tithi, haianzi alfajiri wala usiku wa manane. Hupimwa kwa jinsi mwezi unavyoliacha jua angani: kila ukijitenga kwa nyuzi 12, tithi moja imekwisha. Kwa kuwa mwezi mara huenda kasi na mara hujikokota, tithi huweza kuchukua kati ya saa 19 na 26 hivi, na huweza kuanza saa nne asubuhi ya leo ikaisha saa tano asubuhi ya kesho. Je, sikukuu ni leo au kesho? Inategemea kalenda gani ya kidini unaifuata na mji gani unaishi. Mwaka 2025 baadhi ya Wahindi walisherehekea tarehe 2 Februari na wengine tarehe 3, kila upande ukiwa na hesabu zake mkononi. Hili la tithi tuliweke akiba. Tutalihitaji tukifika Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh.

Kusini mwa India mambo ni mengine kabisa. Huko Saraswati ana siku zake mwishoni mwa Navaratri, sherehe ya usiku tisa ya Septemba au Oktoba. Nafasi ile ile, Bengal huikalia Durga. Saraswati yupo, ila amesimama pembeni kama binti wa Durga, pamoja na Lakshmi, Ganesh na Kartik. Naona hapo ndipo siri ya Wabengali kumpa siku nyingine peke yake inapoeleweka kirahisi. Kusini, ambako Durga hajaibeba sherehe yote namna hiyo, Saraswati amebaki na sehemu yake.

Kerala, vitabu huwekwa kwenye ibada siku ya nane au usiku wake, na havichukuliwi mpaka Vijayadashami, siku ya kumi. Watoto hukaa muda wote huo bila kuruhusiwa kusoma, na hakuna anayelalamika. Asubuhi ya siku ya kumi huja vidyarambham, mwanzo wa elimu. Maelfu ya wazazi huleta watoto wadogo mahekaluni, kwenye maktaba, hata kwenye ofisi za magazeti. Mtoto hupakatwa na mwalimu, mwandishi au mtu anayeheshimika, ambaye kwanza humwandikia ulimini kwa pete ya dhahabu, kisha hukishika kidole chake na kukiongoza kwenye sinia la mchele: Hari Shri Ganapataye Namah. Wengi hulia. Mahali penye hadhi ya pekee ni Thunchan Parambu huko Tirur, kiwanja kinachohusishwa na Ezhuthachan, mshairi anayeitwa baba wa Kimalayalam, lugha ya Kerala, na hapo waandishi ndio huwashika watoto vidole. Familia za Kikristo na za Kiislamu nazo huleta watoto, na yapo makanisa yanayoandaa siku hiyo kwa maneno ya kwao. Wamalayali waliohamia Ghuba wameipeleka hadi Sharjah na Dubai.

Jirani zao wa Tamil Nadu na Karnataka huichanganya siku ya tisa na Ayudha Puja, ibada ya vyombo vya kazi. Hapo ndipo lile la kukabidhi chombo linapojionyesha wazi kuliko mahali popote. Seremala huosha randa na misumeno akaipaka unga wa manjano na msandali. Fundi huzima mashine yake ya chuma. Teksi, malori na mabasi huvishwa mashada ya maua, ndimu huwekwa chini ya magurudumu ili gari liondoke likizikanyaga, na boga hupasuliwa barabarani kufukuza kijicho. Kompyuta za ofisi hutiwa kidoti chekundu kwenye kioo. Zamani, wakati wafalme wa Vijayanagara na baadaye wa Mysore walipoiadhimisha kwa shangwe, vyombo hivyo vilikuwa silaha, maana mvua zimekwisha na njia za vita zimefunguka. Silaha zimebaki makumbusho, panga za wapishi na tarakilishi zimechukua nafasi.

Chombo cha mfanyabiashara ni daftari la hesabu, na hapa ndipo Saraswati anafika kwetu Afrika Mashariki. Wahindu wengi wa Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala wana asili ya Gujarat, na kwa Mgujarati mwaka wa biashara huanza kesho yake baada ya Diwali. Kwenye Diwali hufanyika chopda pujan, pia huitwa Sharda pujan, Sharda likiwa jina jingine la Saraswati. Daftari jipya lenye jalada jekundu hufunguliwa, ukurasa wa kwanza ukaandikwa Shri na maneno ya kuomba heri na faida, ukatiwa kidoti chekundu na majani ya tambuu. Lakshmi huombwa alete fedha, Saraswati huombwa hesabu ziwe sahihi. Leo ukiingia hekaluni usiku huo utaona kompyuta za mkononi zimepangwa safu pamoja na madaftari, baadhi zikiwa hazina hata ukurasa mmoja wa karatasi nyuma yake. Kwa hiyo ukimpongeza jirani yako Mgujarati kwa Saraswati Puja mwezi wa Februari, ataitikia kwa adabu, lakini shughuli yake kubwa na mungu huyo ilikwisha pamoja na fataki.

Bali hawahesabu mwezi kabisa kwa sikukuu hii. Hutumia pawukon, mzunguko wa siku 210, yaani juma 30 za siku saba, na siku ya Saraswati ni Jumamosi ya mwisho ya mzunguko. Mwaka 2025 iliangukia 8 Februari na tena 6 Septemba. Lontar, yale maandiko ya kale yaliyochorwa kwenye majani ya mtende, hushushwa, hufutwa vumbi na kutolewa sadaka, na hapo pia wakati wa ibada kusoma na kuandika hukatazwa. Kesho yake alfajiri watu huenda kuoga baharini au kwenye chemchemi, kisha mzunguko mpya unaanza.

Nepal husherehekea tarehe ya Bengal, na watoto hupandishwa kilima cha Swayambhu kuandika herufi zao za kwanza. Wabudha wa huko siku hiyo humheshimu Manjushri wao wa hekima. Delhi, Waislamu nao wana njano yao: inasimuliwa kuwa sufii Nizamuddin Auliya alizama katika huzuni baada ya kufiwa na mpwa wake, na mshairi Amir Khusrau, alipoona wanawake wa Kihindu wakienda kuomba na maua ya haradali, akavaa njano na kumwimbia mpaka akatabasamu. Hadi leo waimbaji wa kawali, nyimbo za kisufii, huingia kwenye kaburi la Nizamuddin siku hiyo wakiwa na vilemba vya njano.

Si wote wanaomwinamia Saraswati kwa roho nyeupe. Wanaharakati wa Kidalit, watu waliotengwa chini kabisa ya mfumo wa matabaka, huuliza swali gumu: ilikuwaje jamii iliyomweka mwanamke kuwa mungu wa elimu ikawazuia wanawake na watu wa tabaka la chini kusoma maandiko kwa karne nyingi? Wao humtaja Savitribai Phule, ambaye mwaka 1848 alifungua shule ya wasichana huko Pune pamoja na mumewe Jyotirao. Inasimuliwa alikuwa akirushiwa matope na mavi ya ng'ombe akielekea kazini, hivyo akawa anabeba sari ya pili ya kubadilisha. Kwa wengi wao, picha inayostahili kutundikwa darasani ni yake. Ni hoja nzito, na sijaona jibu lake linaloridhisha zaidi ya kwamba leo wasichana wamejaa mbele ya sanamu wakiomba kufaulu.

Na ile tithi tuliyoiweka akiba. Tume ya Uchaguzi ya Bangladesh ilipanga uchaguzi wa manispaa mbili za Dhaka ufanyike tarehe 30 Januari 2020. Wahindu, ambao ni wachache nchini humo, wakasema siku hiyo ndiyo Saraswati Puja, na shule zitakazotumika kupigia kura ndizo zinazofanyiwa ibada. Tume ikajibu kuwa orodha ya sikukuu za serikali inasema tarehe 29. Kila upande ulikuwa na ukweli wake, kwa sababu siku ya tano ya mwezi ilianza asubuhi ya tarehe 29 na kuishia asubuhi ya tarehe 30. Mahakama Kuu ikalikataa ombi la kuahirisha. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dhaka, ambako kila mwaka idara nyingi husimamisha sanamu zao katika uwanja wa bweni la Jagannath, wakaanza mgomo wa kula, na wenzao wa Kiislamu wakawaunga mkono. Tume ikalegea: uchaguzi ukahamishiwa 1 Februari. Lakini hiyo ndiyo siku mtihani wa taifa wa sekondari ulipangwa kuanza, basi nao ukasogezwa hadi tarehe 3.